Kuminga na Warriors, kiangazi cha 2025: njia nne na ipi ilifaa kuchaguliwa

Kuanzia Julai hadi mwisho wa Septemba 2025, mashabiki wa Golden State Warriors, timu ya mpira wa kikapu katika ligi ya NBA ya Marekani, walibishana juu ya mkataba wa mchezaji ambaye hakuwa nyota wa kwanza, wa pili wala wa tatu wa timu yao. Jonathan Kuminga, mzaliwa wa Goma aliyehamia Marekani akiwa bado mvulana, alikuwa amemaliza mkataba wake wa kwanza, na sheria za NBA zilimweka katika kundi la wachezaji huru wenye masharti, yaani angeweza kupokea ofa ya timu yoyote, lakini Warriors walikuwa na haki ya kuilipa ofa hiyohiyo na kubaki naye. Wakati huo timu ilikuwa na wachezaji tisa tu wenye mikataba, na usajili wa wengine wote ulisimama ukimngoja yeye.

Nimeona inafaa kuziweka njia zilizokuwepo moja kando ya nyingine, kwa kuwa mabishano ya namna hii hurudi kila kiangazi na kinachobadilika ni majina tu, na kwa kuwa wengi wetu tulibishana huku tukichanganya maswali mawili yaliyo tofauti kabisa: lipi linaifaa timu, na lipi linamfaa kijana mwenyewe. Kila njia nitaipima kwa yale yaliyojulikana siku zile. Kumhukumu mwamuzi kwa mambo yaliyotokea baadaye ni kazi nyepesi, tena haimsaidii shabiki ambaye timu yake itakuwa na mchezaji wa aina hiyohiyo mwakani.

Mchezaji aliyekuwa mezani

Warriors walimchukua Kuminga katika drafti ya 2021, yaani siku ambapo timu huchagua vijana wapya kwa zamu, akiwa chaguo la saba, nafasi waliyoipata kutoka Minnesota katika mabadilishano ya Februari 2020 yaliyompeleka D'Angelo Russell huko na kumleta Andrew Wiggins San Francisco. Mwaka uliofuata, akiwa na miaka 19, alikuwa tayari na pete ya ubingwa. Msimu wa 2023-24 alifunga wastani wa pointi 16.1 kwa mchezo, huku mitupo yake ikiingia kwa asilimia 52.9, na hapo wengi tuliamini kwamba mrithi amepatikana. Msimu wa 2024-25 aliumia kifundo cha mguu mwezi Januari, akacheza michezo 47 tu, na usahihi wake ukashuka hadi asilimia 45.4. Wakati akiuguza mguu, timu ilimsajili Jimmy Butler, na katika michezo 30 ya msimu wa kawaida ambayo Butler alicheza, Warriors walishinda 23.

Hapo ndipo shida ilipoanza, na haikuwa shida ya kipaji. Butler na Draymond Green wote wawili hawaogopwi wakiwa nje ya mstari wa pointi tatu, na Kuminga, ambaye msimu huo aliingiza asilimia 30.5 ya mitupo ya umbali huo, naye haogopwi. Ukiwaweka watatu hao uwanjani pamoja, walinzi wa timu pinzani wanajikusanya chini ya kikapu, na Stephen Curry, nyota wa kwanza wa timu, anakuta watu wawili mbele yake kila anapogeuka. Kocha Steve Kerr alifanya hesabu hiyo na kumweka kijana kwenye benchi. Katika mchezo wa mwisho wa msimu wa kawaida dhidi ya Clippers, katika mchezo wa kufuzu dhidi ya Memphis na katika mchezo wa kwanza dhidi ya Houston, Kuminga hakuingia hata dakika moja.

Kisha Curry akaumia msuli wa nyuma ya paja katika mchezo wa kwanza wa nusu fainali ya kanda dhidi ya Minnesota, na mlango ukafunguka. Katika michezo minne iliyobaki Kuminga alifunga pointi 18, 30, 23 na 26. Ule mchezo wa pointi 30, ambao ni wa tatu katika mfululizo huo, niliutazama usiku wa manane wa kuamkia Jumapili, simu nikiwa nimeiegemeza kwenye chupa ya chai ili nisiwaamshe wenzangu kwa mwanga wa televisheni. Kila alipoushika mpira upande wa kulia na kuinamisha bega kuelekea ndani, nilijikuta nasogea mbele ya kiti, kwa sababu nilijua kwamba mlinzi aliye mbele yake hana miguu ya kumzuia. Butler alifunga 33 usiku ule. Wawili hao walileta pointi 63 kati ya 97 za timu nzima, na bado Warriors walifungwa 102 kwa 97.

Mchezo huo mmoja uliwapa silaha mashabiki wa pande zote mbili. Waliotaka abaki walisema: mnaona anachofanya akipewa mpira. Waliotaka auzwe walisema: mnaona anahitaji mpira wote na Curry akiwa nje ndipo afanye hivyo, tena tunafungwa. Kwa maoni yangu, wote walisema kweli, na ndiyo maana ulinganisho huu hauwezi kumalizwa kwa kuhesabu pointi.

Fedha zilivyofunga mikono

Kabla ya kupima njia zenyewe, ni lazima kuutazama mfuko. Kwa msimu wa 2025-26 ukomo wa mishahara uliwekwa kwenye dola milioni 154.6. Curry peke yake alikuwa anadai milioni 59.6, Butler milioni 54.1 na Green karibu milioni 26, jumla ya takriban milioni 140 kwa watu watatu ambao mdogo wao alikuwa na miaka 35. Warriors, kwa hiyo, hawakuwa na uwezo wa kwenda sokoni kununua mbadala wa Kuminga. Walichoruhusiwa ni kumlipa yeye zaidi ya ukomo kwa kuwa alikuwa wao tayari, na fedha hizo, kama asingelipwa yeye, zisingeweza kupewa mtu mwingine. Hoja hii ndogo iliwapita wengi waliokuwa wakiandika kwamba milioni 20 anazotaka Kuminga zingemnunua mtu bora zaidi. Zisingemnunua yeyote.

Jambo la pili ni mwaka 2027. Mikataba ya Curry na Butler yote miwili ilipangwa kuisha baada ya msimu wa 2026-27, na wa Green haukuvuka hapo. Uongozi wa timu ulikuwa umeuchora mwaka huo kama ukuta, na mkataba wowote uliouvuka ulihesabiwa kuwa mzigo wa zama nyingine.

Kwa upande wa Kuminga, soko lilikuwa kavu. Katika kiangazi kile ni Brooklyn Nets tu waliokuwa na nafasi kubwa ya mishahara, na hawakumletea ofa. Mchezaji huru mwenye masharti asiye na ofa ya nje hana cha kumtishia mwajiri wake isipokuwa muda.

Njia ya kwanza: kumsainisha na kumbadilisha papo hapo

Sacramento Kings na Phoenix Suns ndizo timu zilizotajwa sana. Katika mazungumzo ya Kings, jina lililojitokeza lilikuwa Malik Monk pamoja na chaguo la drafti la raundi ya kwanza lenye masharti ya ulinzi (yaani Kings wangebaki nalo kama lingeangukia nafasi za juu), na Suns walitajwa kuwa tayari kumpa Kuminga mkataba wa miaka minne wa zaidi ya dola milioni 80. Kwa kijana, njia hii ilikuwa na kila alichokitafuta: dakika, mpira mkononi, na timu inayomhitaji. Kwa Warriors, faida yake ni kwamba timu ingepata kitu leo badala ya kungoja.

Kasoro zake, hata hivyo, zimo ndani ya sheria, na hapa inafaa kukaa kidogo. Mshahara wa Kuminga wa mwaka uliotangulia ulikuwa dola milioni 7.6. Mchezaji anapopandishwa mshahara kwa kiasi kikubwa na kubadilishwa palepale, timu yake ya zamani inahesabiwa nusu tu ya mshahara mpya inapotafuta mtu wa kurudi. Akisaini kwa milioni 22, Kings wanahesabu 22 zinazoingia kwao, na Warriors wanahesabu 11 tu zinazotoka kwao. Bei ya mtu mmoja inasomeka tofauti katika pande mbili za meza, na kupata mchezaji wa kulingana nayo kunakuwa kama kupima kitambaa kwa rula mbili zisizolingana. Juu ya hayo, timu inayompokea mchezaji kwa njia hii inafungwa na kizingiti cha matumizi ambacho haiwezi kukivuka msimu mzima. Mkataba wenyewe pia ni lazima uwe wa miaka isiyopungua mitatu.

Monk ni mfungaji mzuri, lakini mkataba aliousaini mwaka 2024 ni wa miaka minne, na ungeweza kufika 2028. Ukuta wa 2027 ungevunjwa kwa ajili ya mchezaji wa akiba. Suns nao hawakuwa na machaguo ya drafti ya maana ya kutoa, kwa kuwa walikwisha kuyatumia katika mabadilishano ya miaka ya nyuma. Ninakubaliana na waliosema kwamba kile kilichokuwa mezani Julai na Agosti kilikuwa chini ya thamani ya mchezaji.

Njia ya pili: ofa ya mwaka mmoja ya dola milioni 7.9

Njia hii haikuwa ya timu kuichagua. Kila mchezaji huru mwenye masharti huwekewa ofa ya mwaka mmoja ambayo anaweza kuisaini hadi tarehe 1 Oktoba, na akiisaini, kiangazi kinachofuata anakuwa huru bila masharti. Ofa ya Kuminga ilikuwa karibu dola milioni 7.9. Pamoja na mshahara huo mdogo anapata haki moja kubwa, nayo ni kwamba hawezi kubadilishwa katikati ya msimu bila ridhaa yake.

Kwa Warriors hii ndiyo ilikuwa njia mbaya kuliko zote, na sioni namna ya kuilainisha kauli hiyo. Wangekuwa na mchezaji mwenye kinyongo, asiyeweza kubadilishwa pasipo kibali chake, na ambaye Julai 2026 angeondoka bila kuacha hata chaguo la raundi ya pili. Kwa Kuminga ilikuwa njia ya heshima yenye gharama kubwa: kuacha takriban dola milioni 14 au 15 katika mwaka mmoja, akiwa ametoka katika msimu ambao mguu ulimwangusha, kwa matumaini kwamba mwaka mmoja wa dakika chache utamletea soko bora.

Njia ya tatu: miaka mitatu

Warriors walitajwa kuweka mezani pia mikataba ya miaka mitatu, mmoja wa karibu dola milioni 75 ambao mwaka wa tatu ungekuwa wa hiari ya timu. Hapa nitapita haraka. Jumla hiyo inavutia macho, lakini mwaka wa tatu haukuwa wa mchezaji, na miaka ambayo angekuwa hana uamuzi ndiyo ileile ambayo angeanza kufikia kilele cha nguvu zake. Alichokitaka Kuminga ni hiari hiyo iwe mkononi mwake. Timu haikukubali, na kwa kuutazama ukuta wa 2027 naona kwa nini.

Njia ya nne: miaka miwili, wa pili kwa hiari ya timu

Hii ndiyo iliyosainiwa mwishoni mwa Septemba, saa za mwisho kabla ya muda kwisha: miaka miwili, jumla inayoweza kufika dola milioni 48.5, karibu milioni 22.5 katika mwaka wa kwanza, na uamuzi wa mwaka wa pili ukiwa wa timu.

Faida yake kwa Warriors ilikuwa wazi kwa yeyote aliyeisoma kama mfanyabiashara. Kuanzia tarehe 15 Januari 2026 Kuminga angeweza kubadilishwa, na safari hii mshahara wake ungehesabiwa wote, bila kukatwa nusu. Timu ambayo fedha zake zote zimo kwa watu watatu wasioguswa haikuwa na mkataba mwingine wa ukubwa huo wa kubadilisha. Mkataba wa milioni 22.5 ambao anayeupokea anaweza kuuacha baada ya msimu mmoja ni kama noti inayokubalika katika kila duka. Ndiyo maana, wakati wa mazungumzo, Warriors walitaka Kuminga aiache ile haki ya kukataa kuhamishwa ambayo kwa kawaida ingefuatana na mkataba wa namna hii.

Kwa Kuminga faida ni moja, nayo ni fedha: karibu mara tatu ya ofa ya mwaka mmoja. Kasoro ni kwamba anarudi pale pale, chini ya kocha yule yule, akishindania nafasi na Butler na Green, huku kila mtu katika chumba cha kubadilishia nguo akijua kwamba mkataba wake umeandikwa ili uhamishike.

Wenzake wa drafti ya 2021

Ulinganisho ulio wazi zaidi hauko ndani ya Warriors. Wachezaji wanne waliobaki bila mikataba hadi Septemba ya mwaka ule wote walitoka katika drafti moja. Josh Giddey alichaguliwa wa sita, nafasi moja kabla ya Kuminga, na Chicago Bulls walimpa miaka minne kwa dola milioni 100. Cam Thomas wa Brooklyn Nets, aliyefunga wastani wa pointi 24 katika michezo 25 tu ya msimu uliotangulia, alisaini ofa ya mwaka mmoja. Quentin Grimes wa Philadelphia 76ers, aliyefunga karibu pointi 22 kwa mchezo tangu alipohamia huko, naye alichukua ofa ya mwaka mmoja.

Kwa nini Giddey alipata na wengine wakakosa? Hakuwa mfungaji bora wa wanne hao. Alipata wastani wa pointi 14.6, ribaundi 8.1 na asisti 7.2, na timu yake ilikuwa imejengwa ili mpira uanzie kwake. Bulls walimlipa kwa nafasi aliyonayo katika kikosi chao. Kuminga alikuwa na mwili na kipaji cha kumzidi, lakini katika kikosi cha Warriors hakuwa na nafasi iliyoandikwa jina lake. Hilo ndilo swali la kwanza ambalo ningemshauri shabiki yeyote ajiulize kabla ya kuandika kwamba mchezaji fulani anastahili milioni kadhaa: kesho asubuhi, timu yake inaanza vipi shambulio la kwanza, na yeye yuko wapi?

Mfano wa tano uko ndani ya Warriors wenyewe. Moses Moody alichaguliwa na Warriors katika drafti ileile, nafasi ya 14, akakubali kuongezewa mkataba wa miaka mitatu Oktoba 2024, kabla ya msimu kuanza. Alichukua fedha za kawaida mapema, akalala usingizi. Kuminga na timu hawakuelewana wakati ule, na kifundo cha mguu cha Januari kikaja kumpunguzia bei.

Ningechagua ipi

Kwa mtu ambaye lengo lake ni kumwona Curry, aliyekuwa na miaka 37, akipata nafasi moja ya mwisho ya ubingwa, njia ya nne ndiyo sahihi, na sisemi hivyo kwa unyonge. Ya kwanza ilitoa kidogo mno, ya pili ilikuwa hasara tupu, na ya tatu haikuongeza kitu ambacho ya nne haina isipokuwa mwaka mmoja wa mabishano. Lawama yangu kwa uongozi ni moja: njia hii ingeweza kufikiwa Julai. Kevon Looney, mchezaji wao mrefu wa chini ya kikapu, alikuwa amekwisha kwenda New Orleans, na timu isiyo na mrefu mwingine wa kutegemewa ilikaa hadi mwisho wa Septemba ndipo ikamleta Al Horford mwenye miaka 39, pamoja na De'Anthony Melton, na kumrudisha Gary Payton II, kwa sababu haikuweza kujua imebakiza kiasi gani mpaka jina la Kuminga liandikwe. Miezi mitatu ilitumika kubishania hiari ya mwaka mmoja na tofauti ya milioni chache.

Kwa mtu ambaye lengo lake ni kijana wa Goma, jibu ni jingine, na hapa naweka kando ushabiki wangu wa timu. Mwenzangu mmoja kutoka Bukavu, ambaye hutuma ujumbe wa sauti kila mchezo unapokwisha, alishikilia tangu Agosti kwamba Phoenix ndiyo ilikuwa nyumba yake, hata kama Warriors wangerudishiwa wachezaji wa benchi na makombo ya raundi ya pili. Nilimweleza habari ya mshahara unaohesabiwa nusu na ukuta wa 2027. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza kama katika hesabu zangu zote kuna mahali nilipoandika dakika atakazocheza Kuminga. Sikuwa nimeandika.